Bibi wa Chang'ombe

Mwalimu Auleria alifundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote ya kazi. Huku kwetu Chang'ombe ukimwona mtu mzima anavuka barabara ili amwamkie mama mmoja mwembamba mwenye miwani, jua huyo alishikwa mkono na yeye siku alipoandika herufi yake ya kwanza. Mumewe, mzee Gaspar, alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya huku huku mtaani. Walitoka Bukoba wakiwa vijana, wakajenga, wakabahatika mtoto mmoja tu, Sesilia. Ndugu zao waliwasikitikia kwa hilo la mtoto mmoja, ila wenyewe sijawahi kuwaona wakijisikitikia.

Sesilia aliolewa na kijana wa Kipare aitwaye Elibariki, karani wa ofisi moja mjini. Wakazaa Clara, kisha wa kiume. Huyu wa kiume Elibariki alimpa mkwewe heshima ya kumpa jina, na mzee Gaspar akampa jina la baba yake mwenyewe: Projestus. Nakumbuka siku ya ubatizo mzee alivaa suti ya kijivu tusiyokuwa tunaijua, akambeba mtoto kutoka kanisani mpaka nyumbani kwa miguu, hakutaka kumwachia mtu.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajaribu kutembea wazazi wake walipokufa. Walikuwa wanakwenda Same kwenye harusi ya ndugu, watoto wamebaki kwa bibi na babu yao, basi likagongana na lori. Wote wawili walizikwa hukohuko kwao Elibariki. Kulikuwa na watu wa Bukoba waliotaka Sesilia arudishwe kwao, lakini mzee Gaspar alikataa. Alisema waliishi vizuri pamoja, hana sababu ya kuwatenganisha.

Baada ya matanga kikakaa kikao. Ukoo wa Elibariki ukasema watoto ni wao, na kati yao aliyekuwa tayari kuwalea ni Loveness, dada wa marehemu, aliyeishi Kinyerezi na mumewe Rogers katika nyumba mpya yenye geti. Walikuwa na miaka mingi katika ndoa na mtoto hawakujaliwa. Mwalimu Auleria alitaka kusema jambo, akamtazama mumewe. Mzee Gaspar alikuwa ameanza kutumia fimbo. Mwalimu mwenyewe magoti yalikuwa yanamsumbua. Wakakubali.

"Mama Sesilia, si Ulaya nawapeleka," Loveness alimwambia huku analia. "Ni Kinyerezi tu hapo. Njooni wakati wowote, nyumba ni yenu."

Na kweli, miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo. Wazee walikwenda Kinyerezi, na watoto waliletwa Chang'ombe kulala wikiendi. Kilichoharibu ni picha.

Sebuleni kwa Mwalimu Auleria kuna picha kubwa ya Sesilia siku ya harusi yake. Jumapili moja mtoto, ambaye sasa alikuwa anasema maneno yake vizuri, akasimama mbele ya ile picha akauliza, "Nani?"

Bibi akambeba. "Huyu ndiye mama yako. Anaitwa Sesilia."

"Mama yuko nyumbani," mtoto akasema.

"Yule ni shangazi, baba. Mama yako ni huyu."

Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza lolote. Ni swali aliulizwa, akajibu. Lakini mtoto alirudi Kinyerezi akamsalimu Loveness mlangoni kwa neno lile: "Shangazi." Usiku ule alilia hataki kubebwa naye. Kesho yake Loveness akapiga simu.

"Umemwambia nini mtoto wangu?"

"Nimemwambia ukweli."

"Mtoto wa miaka mitatu, Mama Sesilia! Ukweli gani mtoto wa miaka mitatu anaweza kuubeba? Mie nimeshinda naye akiwa na homa, mie ndiye ninayemwogesha. Kaniita mama mwenyewe, sikumfundisha!"

Mwalimu Auleria akajibu kwa sauti ya darasani, ile ya kumnyoosha mtoto mkorofi, kwamba marehemu hafutwi. Loveness akakata simu. Tangu hapo watoto hawakuletwa tena. Mara wana mafua, mara wana mtihani, mara wako safarini. Kisha simu ikawa haipokelewi kabisa. Wazee wakaenda wenyewe. Dada wa kazi alichungulia kwenye geti akasema mama hayupo, na ndani wakamsikia Clara anaimba.

Mzee Gaspar hakubisha hodi mara ya pili. Aligeuka na fimbo yake akaanza kushuka barabara, na mkewe akamfuata.

Ulipita mwaka na zaidi. Sie wa jumuiya ya kanisani tulikuwa tunawaombea, na wengine tulimshauri Mwalimu aende ustawi wa jamii. Alikuwa anakataa. Alisema hajawahi kumshitaki mtu maishani, ataanzaje na anayewalea wajukuu wake. Mwisho akaenda, siku ya kuzaliwa ya Clara, baada ya kuoka keki asubuhi kwa mazoea na kujikuta hana pa kuipeleka.

Afisa aliyempokea alikuwa dada mmoja mtaratibu aitwaye Felicitas. Aliwaita wote. Loveness alikuja na Rogers, mzee Gaspar akaja amevaa shati jeupe, amekaa wima kama yuko mahakamani.

"Hawa ni bibi na babu," dada Felicitas alimwambia Loveness. "Kuwaona wajukuu zao si hisani unayowafanyia. Na watoto nao wana haki ya kuwaona."

Loveness hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Waje. Sijawahi kuwachukia. Ila nina ombi moja. Clara anajua yote, alikuwa mkubwa. Junia, yule mdogo, amesahau. Yale ya ile picha yamemtoka. Anaamini mie ni mama yake na Rogers ni baba yake. Waje, wacheze naye, ila wasimwambie. Akiwa mkubwa nitamwambia mwenyewe."

"Mkubwa lini?" akauliza afisa.

Loveness alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake, na Mwalimu Auleria aliniambia kwamba hapo ndipo alipoona, kwa mara ya kwanza, kuwa yule mwanamke anaogopa. Si jeuri wala kiburi, kama alivyokuwa akidhani siku zote. Anaogopa kama mtu aliyeazimwa kitu anachokipenda kupita kiasi.

Dada Felicitas alisema wazi kwamba yeye hakubaliani na mtoto kufichwa, akamtaka Loveness aahidi kumwambia kabla hajaanza darasa la kwanza. Loveness akaahidi. Kisha afisa akawageukia wazee.

"Mnaweza kuvumilia mpaka wakati huo?"

"Junia ataniita nani?" mzee Gaspar akauliza. Kule Kinyerezi mtoto walikuwa wamempa jina hilo, Junia, yaani Rogers mdogo. "Na huyo Junia ni wa nani? Mimi nilimpa mtoto jina la baba yangu."

"Baba, ni jina la nyumbani tu," Rogers akasema kwa upole.

"Nyumbani kwa nani?"

Mzee akasimama. "Siwezi kukaa kwa mtu nikajifanya mgeni mbele ya mtoto wa mwanangu. Ni kama kumzika Sesilia tena. Wewe Auleria ukiweza, nenda."

Mwalimu aliweza, akaahidi. Ndivyo alivyoanza kwenda Kinyerezi kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya misa, peke yake. Loveness, ambaye siku zote alimwita Mama Sesilia, sasa hakuweza kulitaja jina hilo mbele ya mtoto, akatafuta jingine. "Junia, msalimie Bibi wa Chang'ombe." Mtoto alikuja mbio, akasema shikamoo, akamkumbatia miguu kama watoto wanavyowafanyia wageni wanaoleta zawadi.

Kuna siku alimkuta ana daftari na penseli, anahangaika na herufi. Mwalimu Auleria akakaa naye kwenye baraza, akaushika ule mkono mdogo, akauongoza. J. U. N. I. A. Mtoto alifurahi akalipeleka daftari jikoni. Mwalimu alibaki pale barazani akisikiliza mitambo ya umeme ya Kinyerezi ikivuma kwa mbali, na aliniambia kwamba katika watoto wote aliowafundisha kuandika majina yao, ni huyu mmoja tu aliyemwandikisha jina ambalo si lake.

"Bibi," mtoto akauliza aliporudi, "wewe ni bibi wa nani?"

Clara alikuwa anaanua nguo. Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Mie ni bibi wa wote," akajibu Mwalimu.

"Hata Clara?"

"Hata Clara."

Jioni hiyo Clara alimsindikiza mpaka nje ya geti. Alikuwa amerefuka, ana paji la uso la Sesilia lilelile. "Bibi, mie namkumbuka mama," akasema. "Alikuwaga ananisuka huku anaimba. Ila hapa hatumtaji. Nikitaka kumtaja nakwenda bafuni namtaja peke yangu."

Mwalimu akamvuta kifuani. Alitaka kurudi ndani na kusema kila kitu. Akajizuia. Alijua akisema siku hiyo, geti halitafunguliwa tena.

Mzee Gaspar wakati huo alikuwa anashinda Kimbiji. Walikuwa na kiwanja kikubwa huko, wamekinunua alipostaafu, na yeye aliingiwa na wazo la kuotesha migomba ya kwao kwenye ule mchanga. Majirani wa Kimbiji walimcheka. Alibeba samadi kwa toroli, akaimwagia maji kutoka kisimani, akatandaza majani, akazeeka humo. Mkewe akirudi kutoka Kinyerezi humkuta ameinamia mashina, na bila kuinua kichwa huuliza, "Clara mzima?"

"Mzima. Amekuwa wa pili darasani."

Halafu, kama anauliza habari za mvua: "Na yule?"

"Mzima. Meno ya mbele yameng'oka."

"Hm," anasema mzee, na anaendelea na migomba. Lakini mkungu wa kwanza ulipokomaa aliukata mwenyewe, akaufunga kwenye gunia, akasema, "Kawape watoto." Mwalimu akamwambia, twende wote ukawape mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa. Alisema huyo mtoto akijua yeye ni nani, siku hiyo hiyo atakwenda, hata kwa kutambaa.

Mwaka wa kuanza darasa la kwanza ukafika. Junia alivalishwa sare, akapelekwa shule, na Loveness hakusema neno. Mwalimu alimkumbusha mara mbili, kwa upole, jikoni. Mara zote mbili Loveness alimwambia, "Mama, nipe muda kidogo," huku macho yamejaa. Mwalimu angeweza kurudi kwa dada Felicitas. Alilifikiria, akaacha. Mtoto kusikia habari hiyo kwa sababu serikali imeamuru, aliona ni ubaya mwingine.

Kisha mzee Gaspar akaanguka. Kiharusi kilimkuta shambani, na kwa barabara ile ya Kimbiji mpaka afikishwe hospitali upande mmoja wa mwili ulikuwa umeshalegea na maneno yanatoka kwa shida. Mwalimu aliponyanyua simu kumpigia Loveness hakutumia sauti ya darasani.

"Loveness, mwanangu, mzee ni mgonjwa sana. Niletee watoto wamwone."

"Pole, mama. Nitawaleta. Ila nimwambieje Junia? Nimpeleke kwa mzee asiyemjua, amelala vile…"

"Mwambie unavyotaka. Mwambie ni mume wa Bibi wa Chang'ombe. Mlete tu."

"Jumamosi, mama. Jumamosi nitawaleta wote."

Mzee Gaspar alifariki Alhamisi. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba watoto wanakuja, na alikuwa ameelewa, kwa sababu aliomba kwa mkono ule mzima anyolewe ndevu.

Tulimzika Kimbiji, kwenye kiwanja chake, nyuma ya migomba. Watu walikuwa wengi, wakiwemo vijana wa karakanani aliowafundisha kazi. Misa ilikuwa imeanza tulipoona gari la Rogers linaingia. Loveness alishuka amevaa nguo nyeusi, amewashika watoto mikono, mmoja kila upande. Uso wake ulikuwa umevimba. Akaja moja kwa moja kwa Mwalimu Auleria, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Mama, nilisema Jumamosi," akasema.

Mwalimu aliweka mkono juu ya kichwa chake. "Amka, mwanangu. Utachafuka."

Mambo haya mengine nayajua kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Mwalimu alimwita Marselino, mwenyekiti wa jumuiya yetu ambaye ndiye alikuwa anaongoza ratiba, akamnong'oneza kwamba wakati wa kuweka mashada asimtaje mjukuu yeyote kwa jina. Siku ya kumzika mumewe, aliikumbuka ahadi aliyompa Loveness.

Kaburi likafukiwa, likasawazishwa. Marselino akaita mjane. Mwalimu Auleria akaweka shada lake, akasimama kando. Marselino akavuta pumzi. Hakukuwa na mtoto wa kuitwa.

"Sasa tunawaomba wajukuu wa marehemu," akasema.

Clara akatoka. Alitembea peke yake mbele ya umati wote ule, ameshika ua moja, na pale kaburini akageuka akatazama nyuma. Junia alikuwa amesimama pembeni ya Loveness, anamwangalia dada yake kwa mshangao.

"Mama," akasema, na kwa kuwa watu walikuwa kimya tulimsikia wote, "mbona Clara ameenda? Sio wajukuu wameitwa?"

Loveness alimtazama Rogers. Rogers akaitikia kwa kichwa mara moja tu. Basi Loveness akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamshika mabega.

"Ni wajukuu," akasema. "Clara ni mjukuu wake. Na wewe ni mjukuu wake. Huyu ni babu yako, amemzaa mama yako."

"Wewe?"

"Si mimi. Clara na wewe mlizaliwa na mama mwingine, anaitwa Sesilia. Alifariki wewe ukiwa mdogo sana, na baba yako pia. Mie ni shangazi yako, dada wa baba. Nilikuchukua nikakulea, na nakupenda sana. Nilipaswa kukwambia. Niliogopa."

Mtoto akageuka kumtazama Mwalimu. "Bibi wa Chang'ombe?"

"Ndiye bibi yako. Wa kweli kabisa." Loveness akamfuta vumbi magotini, ingawa hapakuwa na vumbi. "Jina lako kanisani ni Projestus. Babu ndiye alikupa. Nenda kamwekee ua."

Mtoto hakwenda mara moja. Alikaa pale akimwangalia mwanamke aliyekuwa mama yake hadi dakika hiyo, na Mungu ndiye ajuaye alichokuwa anakitafuta usoni mwake. Ni Clara aliyerudi kumchukua. Walikwenda wameshikana mikono. Mwalimu Auleria, ambaye tangu Alhamisi hatukumwona akitoa chozi, akakaa chini hapohapo, na sie akina mama tukamzunguka.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, nisije nikawadanganya. Kwa majuma kadhaa mtoto hakuzungumza na Loveness zaidi ya kumwomba maji au kumwambia amemaliza kula. Siku moja alimwita "shangazi" kwa makusudi, kuona atafanya nini, na Loveness akaitikia, akaenda kulia uani. Baadaye akarudia kumwita mama, mwenyewe, kama mara ya kwanza. Shuleni sasa wanamwita Projestus. Nyumbani bado ni Junia, na Mwalimu Auleria hana neno. Likizo wote wawili huja Chang'ombe, na Loveness akija kuwachukua hulala, wakapika pamoja na Mwalimu na kugombana juu ya chumvi.

Likizo iliyopita walikwenda Kimbiji kupalilia kaburi. Kijana, maana sasa ni kijana kweli, alikuwa anang'oa nyasi, akaacha.

"Bibi, babu alikuwa anajua kama mie nipo?"

"Alijua. Kila nikitoka kwenu alikuwa ananiuliza."

"Mbona hakuwahi kuja?"

Mwalimu Auleria aliniambia kwamba majibu mazuri yalimjia mengi. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa, au mbali, au kwamba hakuruhusiwa. Akamwambia, "Alikasirika. Alitaka umjue kwa jina lake, ikashindikana, akakasirika. Alidhani muda upo."

"Na wewe hukukasirika?"

"Nilikasirika sana," akasema bibi yake. "Ila nilitaka kukuona zaidi."

Akainama akaendelea kung'oa nyasi, na baada ya muda kijana naye akaendelea.